Limau Limekimbilia Wapi? Jibu Kuhusu Manukato ya Kike ya Maua na Miti

Swali: "Mtaalamu, nilipuliziwa dukani manukato ya kike ambayo muuzaji aliyaita machangamfu, ya maua na miti. Niliyapenda papo hapo: limau, majani yaliyokatwa sasa hivi, kama mtu amefungua dirisha. Nikanunua chupa. Nyumbani naona baada ya nusu saa limau limekwisha, limebaki ua na kitu kikavu kama mbao. Ikifika saa sita mchana mimi sisikii harufu yoyote, lakini mwenzangu wa kazini anasema bado nanukia. Je, nimeuziwa feki? Na nikitaka chupa nyingine ya aina hii, nichagueje?"

Dada yangu, kwa maelezo uliyonipa sioni dalili ya feki. Limau kuondoka mapema, ua kushika zamu, mbao kubaki nyuma: hivyo ndivyo manukato ya aina hii yanavyotembea. Ulichokosea ni kimoja, na hata sisi tunaochanganya manukato kila siku tumekikosea. Ulinunua dakika kumi za kwanza, ukarudi nyumbani kuishi na saa sita zinazofuata.

Nianze na limau lako. Harufu ni molekuli zinazoruka kutoka kwenye ngozi hadi puani, na hazina mbio sawa. Mafuta ya limau, ndimu na bergamoti (tunda jingine la jamii ya limau) yamejaa limonini, molekuli ndogo yenye uzito wa 136. Linaloli, ambayo imo katika bergamoti na katika maua mengi, ni 154. Hedioni, yenye harufu ya yasmini, ni 226. Iso E Super, inayonukia mbao laini, ni 234. Galaksolidi, mojawapo ya miski za maabara, ni 258. Kwa kawaida nyepesi hutangulia na nzito hufuata, na mpangilio huo tu unatosha kukueleza siku yako nzima: limau, kisha ua, kisha mbao na miski. (Uzito peke yake hautoshi. Alkoholi ya fenili-ethili, mhimili wa harufu ya waridi, ina uzito wa 122 tu, lakini molekuli zake hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuchelewa kuachana. Ndiyo maana waridi humzidi limau umri.)

Ngoma ya watoto haikeshi, na limonini ni mtoto. Hakuna kampuni, hata iwe na jina kubwa kiasi gani, inayoweza kuliamuru limau halisi likae kwenye ngozi hadi jioni. Mtengenezaji mzuri hufanya jambo jingine: limau likiondoka, anakuwa ameshaweka kitu kizito zaidi kinachoendeleza ile hali ya dirisha lililofunguliwa, bila kuwa limau. Hapa ndipo manukato mazuri ya aina hii hutengana na ya kawaida, na hapa ndipo ningependa uelekeze pua yako. Uchangamfu unaodumu hautoki kwenye limau. Hutoka kwenye ua na kwenye mti.

Chukua hedioni. Ni molekuli ya jamii ya yasmini iliyotoka katika maabara za kampuni ya Firmenich. Mtungaji wa manukato Edmond Roudnitska aliiweka kwenye Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966. Yale yaliuzwa kama manukato ya kiume, lakini wanawake hawakungoja ruhusa ya mtu, wakajipulizia. Ukiinusa hedioni peke yake huenda ukasema haina kitu: yasmini ya mbali, hewa, kidokezo cha limau. Ukiiweka katikati ya mchanganyiko, inawatenganisha wenzake, kila kimoja kinapata nafasi ya kupumua. Na kwa kuwa ni nzito kuliko limonini, hukaa saa kadhaa. Siku hizi ni vigumu kupata manukato ya kike ya maua mepesi yasiyokuwa nayo.

Molekuli nyingine ni Kaloni, iliyopatikana katika kampuni ya Pfizer mwaka huohuo wa 1966. Inanukia upepo wa bahari na tikiti maji. Ilikaa muda mrefu bila kazi kubwa, hadi miaka ya 1990 ilipotapakaa kila mahali. Manukato ya L'Eau d'Issey ya mwaka 1992, aliyoyatunga Jacques Cavallier, ni mfano wake unaojulikana zaidi: maua kama yaliyowekwa majini, na miti myepesi chini yake. Mimi naipenda Kaloni kwa kipimo cha tone. Ikizidi, yale manukato hayanukii tena, yananuka, na kinachonuka ni ndoo ya samaki. Kiswahili kimetufanyia wema kutenganisha maneno hayo mawili.

Halafu kuna jambo la miti, ambalo wanunuzi wengi huliogopa bila sababu. Mtu akisikia "miti" anafikiria kabati la babu. Lakini mti si mmoja.

Mwerezi ndio hutumika zaidi katika kundi hili. Kinachoitwa mwerezi wa Virginia kwa kweli ni mti wa ukoo wa mreteni, Juniperus virginiana, na mbao zake ndizo zilizotengenezea penseli kwa miaka mingi. Ile harufu ya penseli unapoichonga ndiyo hiyo: kavu, safi, nyoofu. Mwerezi wa Atlas, kutoka milima ya Morocco, ni mwerezi wa kweli. Ni mnene zaidi, una utamu, na kwa mbali una jasho la mnyama. Kile "kitu kikavu kama mbao" unachokisikia kwenye chupa yako nadhani ni mwerezi wa penseli au Iso E Super, au vyote viwili pamoja, kwa sababu hupenda kutembea pamoja.

Msandali ni kinyume chake. Ni laini, una umaziwa, hausukumi mtu. Mti wenyewe ni wa ajabu kidogo: mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya majirani na kunyonya chakula chao, na kiini chenye mafuta huchukua miaka mingi kukomaa. Msandali wa India ulivunwa kupita kiasi, na sasa mashamba makubwa ya aina hiyohiyo yako Australia Magharibi. Kwa sababu ya uhaba huo, msandali ulio kwenye chupa nyingi ni wa maabara, kama Javanol ya kampuni ya Givaudan. Usiudharau kwa hilo. Javanol ina nguvu nyingi kwa kipimo kidogo sana, na ina wepesi ambao mafuta ya mti wenyewe hayana, kwa hiyo inakaa vizuri chini ya maua mepesi.

Lakini kama wewe ni mpenzi wa limau, mti wako huenda usiwe mti. Vetiva ni nyasi, na kinachokamuliwa ni mizizi yake. Mafuta mengi yanayosifiwa hutoka Haiti. Inanukia udongo uliolowa, moshi kidogo, na katikati ya hayo kuna ganda la balungi. Hilo balungi si la kufikirika tu. Kuna molekuli inayoitwa nutkatoni, ambayo ni mojawapo ya zinazolipatia balungi harufu yake, nayo imo pia kwenye mafuta ya vetiva. Jina lake lenyewe limetokana na mti: aina ya mvinje wa Amerika Kaskazini unaoitwa wa Nootka, ambao mbao zake ndizo zilizoitoa kwanza. Mti, mzizi na tunda vinashiriki harufu moja. Mtungaji anayeijua siri hiyo huweka balungi juu na vetiva chini, na wewe unadhani tunda limekaa siku nzima, kumbe lilishaondoka na kumwachia mzizi zamu.

Maua nitayapitia haraka, isipokuwa jambo moja. Waridi na yasmini hutoa mafuta halisi, ingawa kwa taabu: kilo moja ya mafuta ya waridi hudai tani kadhaa za petali. Lakini maua mengi unayoyaona yametajwa kwenye visanduku vya aina hii, kama frizia, peoni na yungiyungi la bondeni, hayatoi mafuta yanayofaa hata ukiyakamua vipi. Wenye kazi huyaita maua bubu. Harufu yake hujengwa maabara, molekuli kwa molekuli. Yungiyungi la bondeni kwa miaka mingi lilijengwa kwa msaada wa molekuli iitwayo lilial, hadi Umoja wa Ulaya ulipoipiga marufuku kuanzia Machi 2022 kwa hofu ya madhara yake kwa uzazi. Watengenezaji wakalazimika kubadilisha michanganyiko. Kwa hiyo siku moja ukinunua tena manukato uliyoyatumia zamani, jina lilelile, chupa ileile, ukahisi ua limepungua uzuri, usikimbilie kusema feki. Huenda ni halali kabisa, ila mapishi yamebadilika.

Mfano wa kundi zima katika chupa moja ni Light Blue ya Dolce & Gabbana, iliyotungwa na Olivier Cresp mwaka 2001: limau na tufaha la kijani mbele, yasmini katikati, mwerezi na miski nyuma. Sikutajii ili ununue. Jaribu kuyanusa mahali yalipo kwa sababu yamejengwa waziwazi, kama nyumba ambayo nguzo zake zinaonekana. Pulizia kwenye kijikaratasi cha kujaribia, uandike saa, kisha rudi puani baada ya dakika 5, dakika 40, na saa 4. Utaona zamu zikibadilishana, na ukishaziona kwenye moja utaziona kwenye zote. Na kama unataka kujua mwerezi unaweza kufika wapi kwa mwanamke, tafuta kunusa Féminité du Bois, iliyotolewa na Shiseido mwaka 1992. Hayo si machangamfu hata kidogo, ni matunda makavu na viungo juu ya mwerezi mzito, lakini yaliwafungulia watu macho wakati ambapo mbao zilihesabiwa kuwa mali ya wanaume.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo tamu zaidi: kwa nini wewe husikii na mwenzako anasikia.

Kuna sababu mbili, na mara nyingi huja pamoja. Ya kwanza ni pua kuzoea. Harufu isiyobadilika, iliyo karibu nawe muda wote, ubongo huiondoa kwenye habari za siku. Ni kwa njia hiyo husikii harufu ya nyumba yako mwenyewe mpaka urudi kutoka safari. Mwanzoni mwa kazi hii niliwahi kukaa asubuhi nzima na mchanganyiko mmoja, nikiongeza miski kidogokidogo kwa sababu niliona haifiki. Aliyekuwa akinifundisha aliingia, akasimama mlangoni, akaenda moja kwa moja kufungua madirisha. Hakusema neno.

Sababu ya pili ni ya maumbile. Miski za kisasa ni molekuli kubwa, na watu wengi ni viziwi wa pua kwa baadhi yake. Mtu anasikia miski hii, ile haisikii kabisa, ingawa pua yake haina kasoro nyingine. Iso E Super nayo ina tabia ya kuja na kuondoka: unaisikia, inapotea, unapogeuka shingo inarudi. Mwisho wa manukato yako, kwa maelezo yako, ni mbao na miski, yaani ni hasa vile vitu ambavyo mwenye kujipulizia huvipoteza na jirani huvipata. Mwenzako wa kazini hakudanganyi. Na tafadhali usiongeze mapulizio mengine manane saa sita mchana, maana wewe hutasikia tofauti, ila chumba kizima kitasikia.

Kwa njia, hizo miski zilianza kwa bahati. Mwaka 1888 Mjerumani Albert Baur alikuwa akishughulika na baruti, kemikali za ukoo wa TNT, akapata kitu kisicholipuka vizuri ila kinanukia kama miski ya asili, ile inayotoka kwa mnyama paa. Zilizo kwenye chupa yako leo ni za koo nyingine, na hakuna paa aliyeguswa.

Kuhusu kuchagua chupa inayofuata. Nenda na pua iliyopumzika, usijaribu zaidi ya tatu kwa siku. Punje za kahawa wanazokupa dukani eti zinasafisha pua hazina uwezo kuliko hewa ya kawaida. Toka nje upumue, au nusa ndani ya kiwiko chako pasipo na kitu. Anza na kijikaratasi kuondoa zile usizozitaka. Moja iliyobaki ipulizie kwenye kifundo cha mkono, kisha ondoka. Ondoka kweli, usilipe. Muuzaji atakuambia ni chupa ya mwisho; mwache. Rudi puani saa tatu au nne baadaye na ujiulize swali moja tu: kama manukato yangeanza hapa, bila limau, ningeyapenda? Ukijibu ndiyo, nunua. Ukijibu "yalikuwa mazuri zaidi mwanzoni", achana nayo, kwa sababu huo mwanzo ni dakika chache na huu mwisho ndio utakaolala nao. Na siku hiyo umuulize mtu mwingine anasikia nini, kwa sababu ya yale niliyoyasema kuhusu miski.

Herufi zilizo kwenye chupa zitakusaidia kwa kiasi. EDT (eau de toilette) kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato kati ya asilimia 5 na 15, EDP (eau de parfum) huanzia hapo na kufika kama 20. Hakuna sheria inayolinda maneno hayo, kila kampuni hukata inavyopenda. Na usidhani EDP ni EDT ileile iliyokolezwa. Mara nyingi ni mchanganyiko mwingine: limau limepunguzwa, mbao na utamu vimeongezwa. Mpenzi wa uchangamfu anayekimbilia EDP ili limau lidumu hujikuta amepata limau dogo zaidi. Kwako wewe ningependelea EDT nzuri yenye vetiva au mwerezi msafi, uirudie mchana, kuliko EDP nzito.

Orodha ya viambato nyuma ya kisanduku inasema kidogo lakini inasema. Ulaya inadai vitu vinavyoweza kuwadhuru wenye mzio vitajwe kwa majina, ndiyo maana utaona Limonene, Linalool, Citronellol, Geraniol. Viwili vya kwanza huashiria malimau na maua mepesi, viwili vya mwisho huelekea waridi. Mbao na miski kwa miaka mingi zilijificha nyuma ya neno moja, Parfum. Kama ngozi yako hukasirika haraka, angalia hasa limonini na linaloli: zikiwa mpya ni wapole, zikishaungana na oksijeni kwa muda mrefu ndipo huzaa vitu vinavyowasha. Manukato ya limau yaliyozeeka kwenye jua ni hatari kwa ngozi nyepesi kuliko chupa mpya.

Hapo ndipo naona huenda ukaiharibu ile uliyo nayo, kwa hiyo niambie: unaiweka wapi? Kama iko dirishani au bafuni, itoe leo. Joto, mwanga na hewa huanza na limau kabla ya kingine chochote, na chupa iliyokaa vibaya hufungua kwa harufu kali kama ya rangi ya ukuta kabla ya kutulia. Irudishe kwenye kisanduku chake, droo yenye giza na ubaridi inatosha, jokofu si lazima.

Na namna ya kujipulizia: ngozi kavu haishiki manukato, hivyo paka kwanza losheni isiyo na harufu. Pulizia mara mbili au tatu, kifuani na nyuma ya shingo, uache ikauke yenyewe. Kusugua vifundo vya mikono pamoja hakuvunji molekuli kama wengi wanavyosema, bali kunaongeza joto na kuitandaza, na limau lako, ambalo tayari lina haraka, linapewa sababu ya kuongeza mbio. Ukipulizia na kwenye ukosi wa nguo, limau litakaa kidogo zaidi, kwa sababu nguo haina joto la mwili. Jihadhari tu na hariri na vitambaa vyeupe, mafuta huacha doa. Ukitaka lile dirisha lifunguke tena mchana, mimina kidogo kwenye kichupa cha kubeba, upulizie mara moja saa saba au saa nane. Utalisikia limau vizuri, maana pua yako itakuwa imelisahau.

Kama bado una wasiwasi wa feki, linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye kisanduku, zinapaswa kufanana, na uangalie kipulizio: cha kweli hutoa ukungu mwembamba, cha bandia mara nyingi hudondosha. Zikiwa haziko sawa, niandikie tena na unitajie kilichoandikwa.